Mawe ya Buluu Juu ya Mapito

Evalyne Mukonyo, Mama Kavutha, alikuwa jirani yangu Kitengela miaka mingi, na katika miaka hiyo sikumwona akimwamini binadamu. Yeye alipika muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, karibu na soko la mifugo. Mimi Namalwa nilikaanga mandazi kwenye meza ya pili. Kila asubuhi alinunua andazi moja, akalipasua katikati na kuchungulia ndani kabla ya kuuma.

"Namalwa, hujaweka kitu hapa?"

"Iko siku nitaweka," nilimjibu. Alicheka, lakini hakuacha kuchungulia.

Ni mumewe tu ambaye Mukonyo hakumshuku. Masila alikuwa mchuuzi wa mbuzi. Aliwanunua upande wa Magadi, kisha yeye na mwenzake Lesiamon wakawaswaga kwa miguu kuvuka mgongo wa milima. Mgongo huo ndio unaogawa maji. Mvua ikianguka upande wetu huingia mto Athi na kufika baharini. Ikianguka ng'ambo huteremka Bonde la Ufa na kuishia Magadi kwenye chumvi. Wachuuzi hao walikuwa na mapito matatu: moja pale Kona Baridi penye barabara, na mengine mawili kusini zaidi, njia za mifugo tu, la mwisho likiwa magharibi ya mji wa Kajiado.

Juu ya kila pito palikuwa na rundo la mawe. Mchuuzi akifika aliongeza jiwe lake, aache hapo uchovu na mikosi ya njiani. Masila alilipaka jiwe lake rangi ya buluu, ile ile aliyowapaka mbuzi wake ili wasichanganyike na wale wekundu wa Lesiamon. Tulimtania kwamba anaogopa Mungu atakosea jiwe la nani. Hakucheka. Alisema mtu akivuka bila kuweka jiwe, mifugo itamfia njiani.

Zikaja zile mvua za El Niño, mwisho wa mwaka wa tisini na saba. Siku moja Lesiamon akatokea sokoni peke yake, na mbuzi wa rangi zote mbili, na koti la Masila mkononi.

"Takwenya, Mama Kavutha," alisalimu kwa Kimaasai.

Mukonyo alilitazama lile koti. "Baba Kavutha ako wapi?"

"Maji imembeba. Kule juu kwa mawe, ile njia ya mwisho. Nilimshika mkono, ikanishinda."

Soko zima lililia. Mukonyo alilipokea koti, akalinusa, akageuza mifuko nje.

"Mtu anabebwa na maji, koti inabaki?"

"Alikuwa ameitoa."

"Kwa mvua?"

Tangu siku hiyo aliamini kwamba Lesiamon amemuua mumewe. Shemeji yake Kitheka, nduguye Masila, alikuja kutoka kwao Mashuuru akitaka mazishi yafanywe. Mimi nikawaambia kwamba kwetu Bungoma, mwili usipopatikana, tunazika mgomba. Kitheka alikubali upesi, naye akaingia kwenye orodha ya washukiwa.

"Mimi sizikii watu mgomba," Mukonyo alisema. "Nitazika bwana yangu, na nimwone aliyemuua."

Mvua zilipokatika aliniomba nimsindikize kwenye mapito yote matatu, maana hakuamini hata kwamba ilikuwa ile njia ya mwisho. Nilikwenda kwa huruma, na kwa udaku pia, sitaficha. Tulipanda Kona Baridi, upepo ukitupokonya leso, na Mukonyo akageuza jiwe moja moja. Ya buluu yalikuwepo, yamechujuka na kugandwa na tope. Siku nyingine tukaenda pito la pili. Hali ni hiyo hiyo. Kwa la tatu alimwita Lesiamon mwenyewe atuongoze. Nilimwambia ana wazimu, kumfuata mtu unayemwita muuaji mahali pasipo na watu. Alisema ndiyo maana ameniita mimi, nina sauti kubwa.

Tulipofika juu, Mukonyo alisimama akatazama kila upande. Hapakuwa na korongo wala mto. Ardhi iliteremka huku, ikateremka na kule. Alifungua chupa yetu ya maji ya kunywa, akayamwaga yote chini, na ile kiu niliyokuwa nayo! Maji yakagawanyika kidogo huku, kidogo kule, yakanywewa na vumbi.

"Maji ilitoka wapi, Lesiamon? Hapa ndio inaanzia."

Lesiamon aliangalia viatu vyake vya akala. Alikuwa na rungu mkononi, na miguu yangu ilikuwa tayari kukimbia.

"Ulimuua."

"Sikumuua, mama."

Ndipo Mukonyo akaliona. Juu ya rundo lenye tope kavu palikuwa na jiwe safi, buluu yake mbichi. Alilikwaruza kwa ukucha, akalinusa.

"Hii ni yako?"

"Mimi napaka nyekundu," Lesiamon alisema, kisha akaketi chini. "Ako Loitokitok. Ako na bibi mwingine huko. Aliniambia niseme amekufa, ndio usimngoje. Mbuzi bado ananunua Magadi, anawavukishia hapa."

Nilimtukana Masila kwa Kiswahili, nikamaliza kwa Kibukusu. Mtu aliweza kumwacha mke na mtoto bila kuaga, lakini hakuthubutu kupita bila kuweka jiwe! Mukonyo hakutukana. Alikuwa amejiandaa kwa maiti na kwa muuaji, na nadhani hayo angeyaweza. Alilifunga lile jiwe kwenye leso, akalibeba mgongoni kama mtoto.

"Ukimwona," alimwambia Lesiamon, "mwambie nimemzika."

Na alimzika kweli, Mashuuru, kwa kwaya na mchungaji. Kitheka alidhani ndani ya jeneza kuna mgomba. Lilikuwa jiwe, limevikwa koti. Lesiamon alikuja, akaweka juu ya kaburi jiwe lisilo na rangi, akaondoka bila kula.

Mwaka wa elfu mbili na nne, mwanamume mwenye mvi alisimama mbele ya meza ya Mukonyo. Nilimtambua kwa mwendo kabla hajafika.

"Mukonyo," alisema. "Ni mimi."

"Mimi ni mjane, mzee. Bwana yangu amelala Mashuuru. Unataka muthokoi?"

"Mukonyo, tafadhali."

Akanigeukia, akanitazama kwa jicho lile lile la kuchungulia mandazi.

"Namalwa, huyu unamjua?"

Nilimtazama Masila vizuri. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jeupe la Magadi.

"Simjui," nikasema.

Masila aligeuka, akaondoka. Mukonyo alinyoosha mkono mezani kwangu, akachukua andazi, akaliuma bila kulipasua.