Aljiya na Dengu za Kisasi

Ukimtaja Aljiya bint Sasi hapa bondeni kwetu, watu hucheka kwanza, halafu hugeuka kuangalia kama hayupo nyuma yao. Mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta, kwa hiyo nipeni sikio.

Huku kusini mwa Tunisia mvua ni mgeni wa nadra, na akija huja kwa fujo. Ndiyo maana tunakata bonde kwa matuta ya mawe na udongo. Maji husimama nyuma ya tuta, shamba linakunywa, na ziada inapita kwenye mlango wa tuta kwenda kwa wa chini. Mahdhi, mume wa Aljiya, alikuwa na mashamba mawili ya namna hiyo. La chini alilijaza mizeituni kwa mikono yake mwenyewe. La juu lilikuwa na mitini michache na mawe.

Mahdhi akafa, hakuacha mtoto. Matanga hayajaanuliwa, mdogo wake Khmayis akaja.

"Shemeji, mizeituni ni ya ukoo. Wewe chukua la juu. Tini ni tamu, zitakutuliza."

Wanaume waliokuwa naye wakacheka. Aljiya hakulia wala hakupaza sauti. "Nimekusikia, shemeji," akasema, basi.

Sasa, Khmayis aliitazama mizeituni, hakutazama maji yanatoka wapi. Kwa ada yetu, mwenye miti tu lazima awaachie wa chini nusu ya maji, kwani mti una mizizi mirefu, unajitafutia. Lakini mwenye mbegu ardhini ana haki ya kuziba mlango mpaka mbegu zishibe, kwa sababu dengu haijui kungoja. Mahdhi hakuwahi kupanda hata punje kati ya mitini yake. Alikuwa akiitunzia mizeituni maji.

Kabla ya mvua za baridi Aljiya aliingia shambani na jembe. Akang'oa mawe, akapanda shayiri kati ya mistari ya mitini, na dengu kila palipobaki upenyo. Akaacha duara tupu kuzunguka kila shina ili mtini usinyang'anywe unyevu.

"We Aljiya," nikamwita toka ukutani, "hapo unapanda dengu au wazimu? Hata mbegu hazitarudi!"

"Napanda ruhusa ya kuziba mlango, dada. Dengu ni nyongeza."

Mvua ilipokuja, aliziba. Khmayis akapanda mbio, kanzu ameishika mkononi.

"Fungua! Miti yangu ina kiu!"

"Na mbegu zangu je? Kawaulize wazee."

Wazee wakaja, wakaziona dengu zimechipua, wakasema ada ni ada, wakarudi makwao. Maji yalipita membamba kama uzi.

Ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka. Mizeituni ikapukutisha maua, kisha majani. Jioni Aljiya alikaa juu ya tuta na mkate wake wa shayiri, akiitazama inavyofifia. Nilimwuliza kama haimchomi, maana ni kazi ya mumewe ile.

"Inanichoma," akasema. "Lakini kila jani linaloanguka, Khmayis analala na njaa yake."

Khmayis akaja na paja la kondoo la sikukuu.

"Mke wa kaka, mwaka huu tu usipande. Nitakupa nusu ya mizeituni."

"Yote."

"Utakufa na choyo!"

"Na wewe utakufa na kuni."

Akaondoka na paja lake. Hajafika njiani, Aljiya alishatoka na kapu la mbegu, akazirusha huku Khmayis anamwona.

Mwaka ule mzeituni wa kwanza aliowahi kupanda Mahdhi ulikauka hadi shinani. Siku mbili Aljiya hakutoka nje. Nilidhani atalegea. Siku ya tatu nikasikia jembe.

Ndipo Khmayis akaja na mashahidi, kichwa chini, akalirudisha shamba lote la mizeituni. Akabaki amesimama.

"Basi nipe hili la juu, tubadilishane."

"Nikupe kisu, shemeji, na shingo nikuoneshe?"

Aljiya akaacha ardhi ya juu bila mbegu, maji yakashuka. Mizeituni ikarudisha majani, na baada ya muda ikazaa. Wakati wa kuvuna alihitaji mtu wa kukwea mizeituni. Khmayis hakuwa na shamba tena, na watoto wake walitaka kula. Akamwajiri yeye.

Nilikuwepo. Khmayis yuko matawini, pembe za mbuzi amezivika vidoleni kama meno ya kitana, anachana zeituni zinamwagika kwenye turubai. Aljiya yuko chini, mikono kiunoni.

"Shemeji! Tawi la kulia umeacha."

"Nimeliona."

"Ukishuka, chukua shoka. Kuna mmoja mkavu kule mwisho, ule wa kwanza wa kaka yako. Uukate wewe."

Akashuka, akaukata. Aljiya alisimama pale pale mpaka ulipoanguka, akaokota kipande kimoja cha gogo, akakifunga kwenye shuka yake, akaenda nacho nyumbani.

"Mengine pakia," akamwambia bila kugeuka. "Nitapikia dengu."