Mboga za Kunywa

Blenda ile, kabla ya kupanda mlima, ilikuwa ya maembe. Lidia aliinunua Mbamba Bay mwaka alioachwa na mumewe. Akaweka meza karibu na gati, akawa anawasagia juisi abiria wanaosubiri meli. Watu wa pale walimwita Mama Embe, naye hakuchukia, kwa kuwa jina la mume lilikwisha ondoka na mwenyewe. Miaka sita blenda ilimlisha, ikamvika, ikamlipia na chumba.

Ndipo ikaja simu kutoka Matiri, kwao milimani. Baba yake, mzee Mansuetus, alikuwa ametoka kupasuliwa tumbo hospitali, na chakula hakishuki. Lidia alifunga meza siku hiyo hiyo. Blenda akaizungushia kanga, akaipakata safari nzima ya kupanda milima kama anayerudi kwao na mtoto mchanga.

Alimkuta mzee amebaki mifupa na macho. Huyu ni mtu aliyechimba ngoro, yale mashimo ya kupandia mazao mteremkoni, tangu ujana wake, akapanda kahawa ambayo hadi leo inazaa, na kila Ijumaa Kuu alibeba msalaba wa kigango bila kupokewa. Sasa ugali wa vijiko vitatu ulimlaza kutwa nzima ameshika tumbo. Meno yalikuwa manne, nayo hayakukutana.

Lidia alipokwenda hospitali kuuliza, muuguzi aliyemhudumia mzee alimpa maelekezo kwa mdomo, wamesimama koridoni. "Tumbo la mzee limechoka, dada. Lipunguzie kazi. Mboga mbichi anazihitaji, ila asizitafune. Zioshe kwa maji yaliyochemka, zisage mpaka ziwe laini kuliko uji, anywe kidogo kidogo."

Asubuhi ya kwanza Lidia alisaga spinachi, tango, karoti na kipande cha parachichi, akakichuja kile kitu cha kijani, akampelekea baba yake kwenye kikombe.

Mzee alikitazama. "Lidia, mimi ni mbuzi?"

"Mbuzi anatafuna, baba. Wewe utakunywa."

"Kumbe mbuzi ana heshima kunizidi."

Akacheka, akajishika mshono, akanywa. Kikashuka. Kikakaa. Mchana akaomba kingine. Wiki ya tatu alitoka na fimbo mpaka kwenye kahawa, akawagombeza wavunaji kwamba wanachuma mbichi. Lidia alisimama jikoni akisikia sauti ile ikifoka, akafanya ishara ya msalaba.

Ila mzee alikuwa ameweka sharti moja: mtu asimwone. Maisha yake yote aliwacheka wanaokula majani mabichi; mboga, alikuwa akisema, ni kitu cha kupikwa kikaliwe na ugali. Basi Lidia akawa anasaga alfajiri, kabla watu hawajateremka ngoroni. Blenda anaifunika blanketi isisikike, kinywaji anakitia kwenye chupa nyeusi, mzee anakinywea nyuma ya nyumba akiwa amegeukia ukuta. Hapo ndipo walipokosea, baba na binti. Kitu cha halali walikificha kama cha wizi.

Gertruda, mwenyekiti wa jumuiya, alikuja alfajiri moja na kikapu cha maharage ya mgonjwa. Alisikia mngurumo uliozibwa. Akazunguka nyuma, akamwona mzee na chupa, na utando wa kijani kwenye masharubu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," mzee akajibu, na chupa akaisweka ndani ya koti.

Alhamisi jumuiya ilisali nyumbani kwa mzee, zamu yake. Baada ya rozari watu hawakuinuka. Gertruda alimtazama mwalimu Tarsisi, katekista aliyeruhusiwa na padri kuwapelekea wagonjwa Komunyo. Tarsisi akatazama viatu vyake.

"Lidia mwanangu," Gertruda akaanza, "huko ziwani umetuletea dawa gani?"

"Si dawa, Mama Mwenyekiti. Ni mboga."

"Mboga za kunywa?"

"Ndiyo, mama."

Mtu mmoja akacheka puani. Gertruda hakucheka. "Nimezaliwa hapa, nimezeekea hapa. Mboga nimechuma, nimepika, nimekausha. Ya kunywewa gizani sijaiona."

"Hospitali ndiyo iliyosema."

"Dawa ya hospitali ina karatasi. Yako iko wapi?"

Lidia hakuwa na karatasi. "Basi ngoja nisage hapa hapa, mbele yenu."

"Hata mganga husaga mbele ya watu. Kinachoongezwa ndicho kisichoonekana." Akamgeukia katekista. "Mwalimu, Bwana Yesu ataingia kinywa kimoja na uganga?"

Tarsisi alikohoa. Alisema kwamba labda, kwa wakati huu, mpaka mambo yanyooke, Komunyo ya mzee isubiri kidogo.

Mzee Mansuetus, kitini, akawatazama mmoja mmoja, kisha akainama. Lidia hakuwa amewahi kumwona baba yake akiwaogopa watu.

Kesho yake aliondoka mapema kwenda hospitali. Yule muuguzi alikuwa likizo. Aliyekuwepo alimsikiliza, akatabasamu kwa uchovu: "Dada, hapa hatuandikii watu cheti cha spinachi." Lidia alirudi mikono mitupu. Alimkuta mzee ameiweka chupa dirishani, imejaa.

"Baba, hujanywa."

"Ijumaa ya kwanza ya mwezi inakuja, siku ya Komunyo ya wagonjwa."

"Baba, ni mboga! Mungu anajua kuwa ni mboga!"

"Mungu anajua. Tarsisi hajui, na Tarsisi ndiye anayembeba." Akamshika mkono. "Mwanangu, tumbo hili litaoza hata nikilitunza. Mimi nataka kwenda nimekula mkate wangu."

Akarudi kwenye chakula cha nyumba, ugali na maharage, hadharani, mlango wazi, ili wapitao wamwone. Lidia aliuponda, akaulainisha, akabembeleza. Kilipanda zaidi ya kushuka. Koti likamning'inia tena. Fimbo ikakaa pembeni.

Ijumaa ile Tarsisi alikuja amevaa shati jeupe. Alimega hostia kipande kidogo kama ukucha, akakishusha kwa kijiko cha maji. Mzee alifumba macho na uso wake ukang'aa. Lidia aliona mwenyewe, wala hatasema uongo juu ya hilo. Jumapili, kengele ya misa ikiwa bado inalia, mzee akakata roho.

Lidia hakuwa na ugomvi na mkate ule. Hata leo anaupokea kwa magoti. Ugomvi wake ulikuwa na waliomlazimisha mzee kuchagua kati ya mkate na mboga, ilhali Bwana mwenyewe aliwalisha watu kwanza.

Jumuiya ilizika vizuri. Waliimba, walipika, walichota maji, Gertruda akiwa mbele ya kila kitu, macho yamevimba kwa kilio cha kweli. Siku ya tatu, wanawake wakiosha sufuria, Lidia alitoa meza uani. Akaweka blenda. Akaosha spinachi, tango, karoti, akamenya parachichi, polepole, mbele ya macho yote. Akasaga. Akamimina kwenye glasi moja, akampa Gertruda kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa.

Gertruda alinusa, akaonja, akameza. Akanywa nusu.

"Kumbe ni spinachi tu," akasema.

"Ndiyo, Mama Mwenyekiti. Ni spinachi tu."

Gertruda aliizungusha glasi mkononi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lidia, mama yangu mzee pale nyumbani, unajua hana hata jino. Mboga zinamkaba. Kama ungemsagia..."

"Kalete karatasi," Lidia akasema.

Gertruda aliweka glasi chini, akaenda zake.

Alfajiri iliyofuata Lidia aliamka kwa mazoea. Alikaa kitandani mwa baba yake muda mrefu. Halafu akatoka na blenda barazani, akaichomeka, bila blanketi, bila kanga, akabonyeza. Ikapiga kelele mteremko mzima. Watu waliokuwa wakishuka ngoroni wakasimama na majembe yao wakitazama. Akasaga mpaka zikawa laini kuliko uji. Akamimina kwenye chupa nyeupe, akavuka nayo mpaka kwa Gertruda, akampita mlangoni bila kumwamkia, akaenda kupiga magoti mbele ya yule mama mzee.

"Shikamoo, bibi. Fungua kinywa."

Hakuwa amesamehe. Alikuwa amesaga tu.