Bwana Shamba na Choo cha Mabua

Wakuu, mimi kwa macho yangu nilimwona bwana shamba akitoka chooni kwetu mbio, suruali magotini, moshi ukimfuata.

Baiskeli yake nilikuwa nimeishika mimi.

Ilikuwa mwaka 1996, Ngulyati. Biashara ya pamba imeshafunguliwa, kila kampuni inaingia na mbegu zake. Ila mbegu hupewi bila karatasi ya bwana shamba, na karatasi husainiwi mpaka ung'oe mabua yote ya pamba ya msimu uliopita na kuyachoma. Tuliambiwa funza wa pamba wanajificha humo.

Mama yangu, Milembe, alikuwa mjane wa ekari mbili. Bila pamba hatuli. Shamba alilisafisha likabaki jeupe.

Kimbembe kikawa choo. Kilikuwa kimezungushiwa mabua ya pamba.

Bwana shamba Jilala akafika, akanywa maziwa yetu ya mgando vikombe viwili, halafu ndiyo akakiona.

"Mayu," akamwita mama kwa kilugha chetu, "na yale?"

"Hicho ni choo, baba."

"Funza hajui choo. Sheria inasema mabua yote. Nisipoona majivu hapa, sisaini."

Mama akambembeleza weee. Jamaa kauzu, hata hamtazami. Niliumia sana.

Mara maziwa yakamgeuka. Jilala akashika tumbo, akazunguka nyuma ya nyumba bila kuaga.

Mama akaingia jikoni, akatoka na kijinga cha moto, naye akazunguka huko huko. Nikajua anakwenda kuchoma takataka.

Mabua makavu hayana subira. Kufumba na kufumbua choo kinawaka, na ndani mtu anapiga yowe.

Alipokwisha kufunga mkanda, Jilala akamgeukia mama.

"Mayu, nakupeleka polisi."

"Twende, baba," mama akajibu kwa upole. "Ukawaeleze nani aliagiza kichomwe. Na wewe mle ndani ulikuwa unakagua nini."

Jilala akafikiri. Akatazama majivu. Akasaini.

Tukapata mbegu, tukapanda, tukala.

Miaka yote hiyo nimemtetea mama kwa watu kwamba ilikuwa bahati mbaya. Juzi tunaanika michembe ya viazi vitamu, nikamwambia, "Mama, siku ile ungejua kuna mtu ndani usingewasha."

"Nilimwona akiingia," akasema, wala hakuinua kichwa. "Ndiyo maana niliwasha kwa nyuma. Mlango nilimwachia."

Ndugu zangu, sheria ni nzuri na funza ni adui kweli. Ila kabla hujaagiza choo cha mwenzio kichomwe, jiulize leo wewe mwenyewe utajisaidia wapi.