Sindano ya Arobaini na Nane

Siku mume wangu, Baba Joanitha, alipokufa, aliyeshika mkokoteni mbele yake alikuwa mwanaume mwenye mkono wenye nguvu kuliko yeyote pale bandarini Katonga.

Ndivyo karatasi ilivyosema.

Ilikuwa mwaka tisini na saba. Wakimbizi walikuwa wanavuka ziwa kutoka Kongo, na unga wao ulishushwa Katonga, ukapandishwa kilimani kwa mikokoteni. Mume wangu, Nikodemu, alikuwa amevuta mkokoteni mbele miaka tisa.

Wiki hiyo ofisi moja ya misaada ikatuletea mtaalamu, Bwana Feliksi, wa kuchagua nani avute mbele. Viatu vinang'aa, anaruka magamba ya samaki kama mbuzi. Alikuja na chuma cha kubana kwa kiganja, kina sindano ya kuonyesha kilo.

Makuli wakabana mmoja mmoja. Nikodemu akapata thelathini na moja.

Alijaribu kueleza kwamba yeye habani. Anakunja vidole kama ndoana kwenye mpini, ananyoosha mikono, analalia mbele, mwili ndio unavuta. Anayebana sana, vidole vinakufa ganzi kabla ya kona ya pili ya kilima.

"Mzee, mimi nimesomea mikono," Bwana Feliksi akamjibu.

Kumbe mikono inasomewa.

Kuli mwenzao, Clinton, alifika wa mwisho, hajui hata chuma kinashikwaje. Bwana Feliksi akabana kwanza amwonyeshe, kisha akampa.

Arobaini na nane.

Basi Katonga nzima ikashangilia. Clinton akawa haitwi tena jina lake, ni Arobaini na Nane tu. Akawekwa mbele. Nikodemu akapelekwa nyuma, kusukuma.

Jioni aliniambia, "Mama Joanitha, yule anashika mpini kama ananyonga kuku. Ataachia."

Nikamwambia asiende. Akasema wale wakimbizi hawajala.

Kesho yake, kwenye kona ya pili, Clinton aliachia. Mkokoteni na magunia yake kumi ukarudi chini, na nyuma yake alikuwa mume wangu.

Msibani Bwana Feliksi alikuja na ripoti. Akatusomea, sisi wafiwa, kwamba marehemu alikuwa na mshiko dhaifu. Eti tuelewe vizuri, akatoa chuma, akakibana, akakiweka mkekani, akapokea chai.

Nikakitazama.

Hakuna aliyekishika, na sindano imesimama palepale. Arobaini na nane.

"Bwana Feliksi," nikamuuliza, "hii sindano hurudi yenyewe?"

"Hapana, mama. Unairudisha kwa kidole."

"Kwa Clinton uliirudisha?"

Akakiweka kikombe chini.

Clinton alikuwa kajikunyata pembeni, mikono katikati ya magoti. Akainua kichwa. "Mimi nilibana kidogo tu, mama. Nilikuwa na jeraha kiganjani. Nikaona wananishangilia."

Ile namba ilikuwa ya mtaalamu mwenyewe, mtu ambaye hajawahi kuvuta hata ndoo kisimani.

Aliaga haraka, hata chuma akakisahau. Ripoti hakuisahau. Ilikwenda ilivyoandikwa.

Wewe unayesoma, akija mtu kukupima, muulize kwanza kama ameifuta namba yake.

Chuma kile kipo kwangu hapa Ujiji. Kinazuia mlango wa jiko usijifunge. Sindano sijairudisha.