Mama Kamfunga Kanga Mcheza Baleti

Leo mama yangu amepanda jukwaani katikati ya onyesho la baleti. Wenye mama kama huyu mtanielewa.

Wachezaji walitoka Dar, ukumbi ni wetu hapa Newala. Nyimbo za mwanzo zilikuwa za kisasa, watu kimya kama msibani. Mama akaanza kusinzia.

Halafu ikapigwa jazi. Tarumbeta ya polepole, binti mmoja peke yake jukwaani.

Mama akafumbua macho, akavua kanga ya mabegani, akainuka.

"Mama, kaa. Hapa hawatunzi wachezaji."

"Mtu anacheza hivi, mnamtazama tu?"

Akaenda kumfunga binti kanga kiunoni, kama watu walivyotunzana dansini miaka ya themanini, enzi za ruksa, bendi za jazi zikipanda huku kutoka Masasi na baba bado yu hai.

Nikafunika uso. Nilijua watamtoa.

Binti hakusimama. Alicheza na kanga ile mpaka mwisho, kisha akashuka hadi kwenye viti vyetu kuirudisha.

"Shikamoo, mama. Kanga yako."

"Marahaba. Kaa nayo, mwanangu. Aliyeninunulia hakuwahi kubaki kwenye kiti tarumbeta ikilia."