Kipande cha Kwanza cha Keki ya Mbuni

Juzi jirani yangu hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, alikaanga kahawa kwenye jiko la makaa nje ya mlango wake, akaiacha kidogo, ikaungua. Moshi ukapanda hadi ghorofani kwangu nikiwa nafua nguo. Wapangaji wenzangu walifunga madirisha wakinung'unika. Mimi niliacha shati ndani ya beseni, nikaketi kwenye ngazi na mikono yenye povu. Harufu ile ya kahawa iliyozidi moto ndiyo iliyokuwa harufu ya Krismasi nyumbani kwetu Karurumo, na wewe unayenisoma nisamehe mapema, maana sina Krismasi ya kufurahisha ya kukusimulia.

Kahawa ilijaa shamba letu hadi karibu na mlango wa jikoni, lakini hakuna aliyeinywa. Tulikuwa watu wa chai. Kahawa tuliichuma, tukaibeba kwa magunia hadi kiwandani, tukarudi nyumbani kunywa chai ya maziwa. Kilichobaki kwetu kilikuwa mbuni, zile punje zilizokaukia mtini au kuanguka chini, ambazo kiwanda kilizipokea kwa kununa. Nyanya yangu, mama yake baba, ambaye sisi tulimwita cucu, aliziokota tangu Novemba inapoanza, kiuno kimepinda, akizitia ndani ya mfuko wa aproni. Bila mbuni hakuna keki, na bila keki, kwa jinsi alivyoamini cucu, mwanawe hangekanyaga nyumbani Krismasi.

Keki yenyewe aliirithi kwa mama yake, ambaye ujanani aliosha vyombo jikoni kwa wamisheni. Hakuna aliyemfundisha. Alimtazama mpishi kwa jicho la pembeni, akaja nayo nyumbani ikiwa na mapengo. Hakuwa na baking powder, akatia magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe. Hakuwa na siagi, akatia malai. Na kwa kuwa keki ya wale wamisheni ilikuwa nyeusi, yeye mtu aliyezaliwa katikati ya mikahawa aliamua kwamba weusi ule ni kahawa, basi akaikoboa mbuni kwa kinu, akaikaanga, akaisaga na kuichemsha hadi ikawa nzito, akaimimina ndani ya unga. Nilipokuwa mtu mzima nilionja keki ya chokoleti kwenye arusi moja, ndipo nikajua bibi yule aliona nini. Nilicheka peke yangu mbele ya wageni. Vizazi vitatu vya wanawake walikuwa wamevunja migongo kwa ajili ya kosa la macho.

Mayai tuliyaweka akiba wiki mbili, tukiyafukia ndani ya debe la mahindi yasivunjike. Kazi ya kuyapiga ilikuwa ya mama yangu. Aliyapiga kwa uma, amekaa kwenye kigoda, bakuli kati ya magoti, mpaka misuli ya mkono ikamsimama. Cucu angechungulia na kusema, "Bado." Mama angeendelea. Kisha sufuria iliwekwa juu ya makaa machache, ikafunikwa, makaa mengine yakapangwa juu ya kifuniko, nasi tukakaa kuilinda. Ilitoka imepasuka katikati na ngumu pembeni, na mtoto aliyeionja mara ya kwanza alikunja uso. Sisi tuliipenda kwa sababu hatukujua nyingine.

Ilikuwa na masharti mawili. La kwanza, keki hukatwa na mwenye boma. Babu alipofariki, kisu kikawa cha baba, na baba alikuwa Meru mjini akitengeneza malori ya mfanyabiashara mmoja wa huko. La pili, kipande cha kwanza ni cha mtoto aliyebeba jina la mpishi. Kwetu msichana wa kwanza huitwa kwa jina la mama yake baba, kwa hiyo cucu ni Wanja na mimi ni Wanja. Baba, kwa kuwa nilikuwa na jina la mama yake, hakuniita Wanja. Aliniita Mami. Hakuna mtu mwingine aliyeniita hivyo, na niliamini kwa moyo wangu wote kwamba duniani hakuna Mami mwingine. Akifika langoni na kuita "Mami yuko wapi?" ningetupa chochote nilichoshika, hata kama ni kikombe.

Hapo mwanzo alikuja kila mwisho wa mwezi. Baadaye akawa mtu wa Pasaka na Krismasi, kisha wa Krismasi peke yake. Nilipokuwa na miaka minane hakuja kabisa. Keki ilimngoja juu ya kabati. Cucu alikataa isiguswe, na mwaka mpya ukaingia, ikaota ukungu, akaibomoa kwa vidole na kuwatupia kuku. Mwaka uliofuata, makaa yalipokuwa bado ya moto juu ya kifuniko, akatangaza mpango wake.

"Kama haji, tunampelekea," alimwambia mama. "Akimwona huyu, atarudi na sisi."

Huyu ni mimi. Mama alifuta mikono kwa leso, akasema sawa. Aliniosha, akanipaka mafuta mpaka magoti yakang'aa, akaifunga keki kwa jani la ndizi lililopitishwa motoni na kuiweka ndani ya kiondo. Aliniambia niishike vizuri isibonyee. Nikaondoka nikijua nina kazi moja tu, kumrudisha baba nyumbani, nami sikuwa na shaka nayo hata kidogo.

Tulifika Meru mchana wa tarehe ishirini na nne. Cucu, ambaye hata Embu mjini alipotea, alitembea moja kwa moja, akapita magereji, akakata kona mbili, akabisha kwenye geti la bluu. Sikujiuliza alilijuaje. Mtoto hajiulizi mambo kama hayo.

Alifungua mwanamke mwenye uso mzuri, amevaa kitenge, mikono ina unga wa chapati. Alisema karibuni kwa Kiswahili, kwa kuwa yeye alikuwa Mmeru na sisi Waembu, na cucu akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. Ndani kulikuwa na makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma. Baba alikuwa ameketi kwenye mojawapo, amevua viatu. Nikasema moyoni, kumbe ndiyo sababu haji, amepata kazi ya kukaa ndani ya nyumba ya watu.

"Mama, si ungeniambia unakuja," alisema akisimama.

"Nimeleta keki," cucu akajibu. Alitaka yule mwanamke asikie, kwa hiyo hakutumia Kiembu. "Lakini haikatwi hapa. Hii inakatwa nyumbani. Vaa viatu twende."

Baba alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetafuta pa kupitia. "Mama, hata hapa ni nyumbani."

Akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na kisu. Cucu alikuwa amekumbatia kiondo kifuani. Baba alikichukua polepole, kama unavyomnyang'anya mgonjwa kikombe asijimwagie, akaifungua keki na kuikata pale pale juu ya meza ya kioo. Niliona kisu kikizama nikahesabu kitoto: ameshakata, basi hana tena cha kumrudisha Karurumo. Machozi yalinikaribia. Niliyazuia, kwa sababu kulikuwa bado na kipande changu.

"Mami, njoo uchukue," baba akaita.

Nilisimama. Kutoka mlango wa nyuma akatoka msichana, mikono imelowa maji ya vyombo, amejifunga kanga kiunoni kama mtu mzima. Alinipita. Alinyoosha mkono, na baba akamwekea kipande cha kwanza kiganjani, bila kusita, kama jambo alilolifanya mara nyingi. Mkono wangu ulikuwa umenyooka pia. Baba aliuona akiwa amechelewa.

"Na wewe, Mami," akasema. "Kuna yako."

"Wanja," yule mwanamke akasema kwa upole, "mpe mwenzako nafasi akae."

Nikasogea, nikidhani naambiwa mimi. Msichana naye akasogea. Tukagongana mabega, tukatazamana. Alikuwa amenizidi kichwa kizima. Alikuwa na paji la uso la cucu, lile lile pana, ambalo watu wote walisema nimelichukua mimi. Nilimgeukia cucu anieleze. Cucu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nilikula kipande changu. Nisingependa kukudanganya kwamba nilikataa. Nilikula mpaka makombo, nikalamba vidole, kwa sababu nilikuwa na njaa na sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Wakati wa kuaga nilimuuliza baba kama atakuja kesho. Alisema atajaribu. Cucu alitembea hadi steji bila kunishika mkono, na tulipokuwa tunakaribia Runyenjes akasema kama anayejisemea, "Nilidhani akikuona."

Tulimkuta mama uani kwenye jua la jioni, ungo mapajani, anachagua maharagwe. Cucu aliingia ndani moja kwa moja. Mimi nilibaki nimesimama na ile habari kifuani, nikiogopa kuitoa, kwa sababu nilijua itamuua. Niliamini ni mimi peke yangu niliyekuwa nayo. Nilikuwa natafuta neno la kuanzia mama aliponitangulia, bila kuinua macho kwenye ungo.

"Yule msichana," aliuliza, "amekua?"

Nilisema ndiyo. Nilisema amenizidi.

"Lazima akuzidi," akasema. "Siku nilipoletwa hapa, alikuwa ameshaanza kutembea."

Akapeperusha maganda, akaendelea kuchagua. Niliyasikia maneno yale kwa masikio ya miaka tisa. Yalikaa ndani yangu miaka mingi kabla sijakaa nayo chini na kuyahesabu: nani alitangulia, nani aliletwa baadaye na kuachwa kijijini kumtunza mama mkwe, jina la nani lilitolewa mara ya kwanza na la nani ni la marudio. Baba hakuja kesho yake, wala Krismasi nyingine yoyote. Kwenye mazishi ya cucu alifika na geti la bluu zima, wakaketi mbele, na yule Wanja mkubwa ndiye aliyesoma historia ya marehemu. Alisoma vizuri. Mikahawa ilikwisha kung'olewa, mahali pake pakapandwa muguka, ile miraa ya majani, na mama anaishi pale hadi leo.

Watu huniuliza kama nilimsamehe baba, na mimi huona wameuliza swali la watu wengine. Mama alijua tangu mwanzo, akapiga mayai miaka yote ile akijua. Cucu alikuwa na tumaini moja, nalo lilimtoka pale kwenye kochi. Tangu jioni ile ya maharagwe, katika boma letu lote, aliyekuwa bado akimngoja baba ni mimi peke yangu. Na wote wawili waliniona nikikimbilia langoni kila nikisikia gari, wakaniacha nikimbie, kwa sababu hawakuwa na kitu kingine cha kunipa.