Kufundisha Kiingereza Bweni Bila Ratiba

Siku yangu ya kwanza kazini kisiwani Mafia sikufundisha neno hata moja. Niliteremka kwenye ndege ndogo pale Kilindoni nikiwa na sanduku, mwavuli na barua ya ajira, nikaangaza macho kumtafuta mtu wa kunipokea. Hakuwapo. Nilikuwa nimefundisha shule za msingi za Malindi, kwetu Kenya, kwa miaka kumi na minne, na ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka mpaka kwenda kutafuta riziki. Hifadhi ya bahari ilikuwa imeshaanzishwa, na wageni wa ng'ambo walikuwa wakija kumwona papa potwe, yule samaki mkubwa mwenye madoa asiyemdhuru mtu. Mradi mmoja wa lugha uliajiri walimu ili wenyeji wapate Kiingereza cha kuwaongozea wageni hao.

Nilijikokota hadi kwenye duka la vitambaa la Bi Zehra, ambaye jamaa zake wenye asili ya Kihindi walikuwa wakifanya biashara pale tangu enzi za babu yake. Alinipa kiti na maji, akaisoma barua yangu, kisha akapiga simu.

"Mratibu wenu anasema anakutarajia mwezi ujao," aliniambia.

"Mwambie barua hii ameisaini yeye."

Mratibu alifika alasiri, kijana mpole mwenye jasho usoni. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, akashika sanduku langu. "Samahani sana, Mwalimu. Ratiba imebadilika." Maneno hayo mawili ya mwisho nilikuja kuyasikia mara nyingi kuliko salamu.

Kesho yake alinifungulia stoo ya vitabu. Vilikuwa vizuri, vyenye picha za rangi, lakini vilitungwa kwa watoto wa nchi za baridi. Somo la kwanza lilihusu kufinyanga sanamu ya theluji, la pili kuwasha moto sebuleni. Kaseti za matamshi zilikuwapo, redio ya kuzichezea haikuwapo. Nilipoomba azimio la kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula mzima, nilipewa karatasi yenye kichwa cha habari na mistari mitupu. Nikaijaza mwenyewe.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa hapo hapo Kilindoni, nikiwafundisha makarani na wauzaji wa madukani. Wiki ya tatu chumba chetu kilichukuliwa kwa semina na hakikurudi. Nikapelekwa Kirongwe. Huko nikamkuta mwalimu mwingine, ana barua kama yangu, anafundisha darasa lile lile nililopangiwa. Tulicheka mpaka tukachoka, kisha tukagawana vipindi. Baada ya wiki mbili ukaja ujumbe kuwa mmoja wetu aende kijiji cha Bweni. Mwenzangu alikuwa na mke na watoto pale, kwa hiyo nikaenda mimi.

Bweni iko ncha ya kaskazini, kwenye mnara wa taa, na barabara ya siku zile ilikuwa ikikutikisa hadi meno. Darasa langu lilikuwa chumba cha madrasa, tulichoazimwa kila alasiri watoto wakishatoka. Nilikuwa na wanafunzi kumi na wawili, wote watu wazima. Mzee Faki alikuwa mvuvi mwenye mvi, aliyekuja, kwa maneno yake, kuhakikisha watu hawafundishwi uongo kuhusu bahari. Hadija alikuwa mama wa watoto watatu, msusi wa mikeka, mwepesi wa kushika na mzito wa kusema.

Vitabu vya theluji niliviweka kando. Andalio la somo, ule mpango wa kipindi kimoja ambao mwalimu hana budi kuuandika kabla ya kuingia darasani, nililitoa kwenye kazi zao. Mzee Faki alieleza habari za nanga, mkondo na maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kupita kawaida. Mimi nikaleta Kiingereza cha maneno hayo. Kisha nikawapa imla, nikisoma polepole kwa Kiingereza nao wakiandika: shika kamba, usimguse samaki, mkondo una nguvu. Mara ya kwanza Hadija alikosa kila sentensi. Mwezi wa tatu alikuwa hakosi hata moja, ila ukimwambia asimame aseme, anatazama sakafu.

"Mwalimu, nikikosea watanicheka."

"Nami nilipomwona samaki tasi nikamwita chewa, si mlinicheka?"

"Tulikucheka sana."

"Nikafa?"

Akatabasamu, akasimama.

Mwezi wa tano tukapata habari kuwa wenye boti za wageni wanataka waongozaji sita. Usaili ungefanywa Kilindoni, kwa Kiingereza kitupu, chini ya mradi wetu. Wenyeji wakikosekana, nafasi zingekwenda kwa watu kutoka Dar es Salaam. Tangu siku hiyo hakuna aliyechelewa darasani.

Mratibu akaja Bweni na fomu ya kupeleka majina ya usaili. Nilitakiwa kuthibitisha kwamba wanafunzi wangu wamemaliza kitabu cha kwanza na cha pili.

"Hawakuvimaliza," nilimwambia. "Wamesoma kitu kingine, na wamekisoma vizuri. Nitaandika hicho."

"Mwalimu, makao makuu wanataka fomu hii. Wewe ni mgeni hapa, fuata ratiba."

"Nionyeshe ratiba niifuate."

Hakuwa nayo. Alikunja fomu yake akasema, kwa upole ule ule, kwamba huenda mkataba wangu usiongezwe. Niliogopa, sikatai. Nyumbani Malindi nilikuwa na mama mgonjwa aliyetegemea mshahara ule. Lakini jina langu sikuliweka.

Tuliambiwa usaili ni baada ya wiki mbili. Siku nne tu zilipopita, asubuhi, dereva wa lori la nazi akanikabidhi kipande cha karatasi: usaili ni leo saa nane mchana. Nikazunguka mlango kwa mlango. Watano walikuwa baharini tayari. Saba waliobaki wakapanda lori lile lile, juu ya nazi, Hadija na mkeka wake ambao haujamalizika, Mzee Faki na kanzu aliyoivaa kwa haraka. Njia nzima waliulizana maswali kwa Kiingereza, wakipigizwa huku na huku.

Tulifika saa tisa na nusu. Mkuu wa Mradi, mama mmoja aliyekuja kutoka Dar es Salaam, alikuwa akifunga jalada lake.

"Bweni?" akauliza. "Majina ya Bweni hayamo."

Kabla sijafungua mdomo, Mratibu alisimama nyuma yake. "Hayamo kwa sababu sikuyapeleka. Mwalimu alikataa kuandika uongo, nami nikaiacha fomu mezani. Kosa ni langu, si lao."

Hadi leo namheshimu kwa maneno yale. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa akifanya kazi ya watu watatu, akipokea maagizo ya watu wasiowahi kukanyaga kisiwa kile.

Mkuu wa Mradi akatazama saa, kisha akatutazama, tumejaa vumbi. Akafungua kile kitabu cha theluji, akamwelekezea Hadija picha na kumtaka aieleze kwa Kiingereza. Hadija aliitazama. Nikamwona anatazama sakafu. Kisha akainua uso na kusema, kwa Kiingereza safi, kwamba kitu kile hajawahi kukiona, na hatamwambia mgeni habari ya kitu asichokijua. Akaomba aulizwe habari za bahari.

Mama yule akafunga kitabu. Akauliza habari za bahari. Hadija akamweleza umbali wa kukaa na papa potwe, namna ya kuingia majini bila kishindo, na dalili za mkondo mbaya. Mzee Faki, ilipofika zamu yake, alisahihisha swali lenyewe kabla ya kulijibu.

Katika nafasi sita, nne zilikwenda Bweni.

Kweli mkataba wangu haukuongezwa. Nilirudi Malindi, nikafundisha tena hadi kustaafu, nikashika hata ualimu mkuu. Ninyi walimu mnaoanza kazi mtakutana na miradi isiyojua kesho yake, na itawachosha. Mimi nilipandwa na hasira mara nyingi, nikalia mara mbili. Ila mwanafunzi aliyeketi mbele yako hajui habari za makao makuu. Amekuja kusoma leo. Nikitazama nyuma, miezi ile minane ndiyo ninayojivunia kuliko vyeo vyangu vyote.

Mwaka jana Hadija, ambaye sasa ndiye anayewafunza waongozaji wapya, alinipigia simu. Mgeni alikuwa amemuuliza jina la Kiingereza la samaki mmoja mdogo wa miambani, naye halijui.

"Hata mimi silijui," nikamwambia.

"Sasa nimwambie nini, Mwalimu?"

"Mwambie jina mnalomwita samaki huyo huko Bweni. Mfanye alirudie mara tatu mpaka alitamke sawasawa."